Televisheni Barazani, Boti Hifadhini

Jamani, mkiniona siku hizi napita mtaani kwangu Kariakoo na kofia nimeishusha mpaka kwenye nyusi, msidhani ni jua, ni aibu, na aibu yenyewe nimejitengenezea kwa mikono yangu miwili, mbele ya watu ambao nusu yao niliwaita mwenyewe waje kutazama. Nawasimulia mimi kabla hamjasimuliwa na Hemedi, maana Hemedi akisimulia huongeza chumvi, na mkasa huu ulitokea baharini, chumvi ipo ya kutosha.

Kwanza mnijue. Mimi ndiye Shabani, Bosi Nyavu, mwenye duka la nyavu, kamba, maboya na taa za uvuvi pale upande wa kuelekea Mchafukoge, duka lenye baraza pana kuliko yote mtaani (kapimeni za wengine, mtakuja kuniambia). Nilikuja mjini kutoka Lindi nimevaa malapa ya rangi mbili tofauti, shule niliachia darasa la nne baada ya mimi na mwalimu kuchokana, nikauza soksi mkononi, nikauza miswaki, nikauza ndoano, na leo nina duka, nina nyumba Ilala, na nina boti ya uvuvi yenye mashine mpya. Boti inaitwa Radhi ya Mkwe.

Jina hilo nililiweka kwa makusudi. Mama mkwe wangu, Bi Somoe, hakunitaka. Alitaka binti yake aolewe na mwalimu wa hesabu wa kule kwao, na mpaka leo, wajukuu wamekuwa wakubwa, bado humtaja mwalimu yule tukiwa mezani huku mimi natafuna. Nikasema boti nitaiita jina lake ili alainike. Hakulainika. Aliniuliza tu kwa nini herufi zimepinda.

Sasa mwaka huu mtaa wetu wa wauza zana za uvuvi ulikuwa unachagua mwenyekiti, tumebaki wagombea wawili, mimi na Hemedi, yule muuza mashine za boti wa ng'ambo ya barabara, na mama mkwe akapanda basi kutoka Lindi kuja kushuhudia. Hakusema anakuja kunishangilia, alisema anakuja "kuona kama kweli". Mnaelewa uzito? Mimi uenyekiti wenyewe niliutaka kiasi, lakini kuchaguliwa huku Bi Somoe amekaa kiti cha mbele anatazama, hilo nililitaka kuliko mashine ya pili ya boti.

Hapo ndipo inapoingia setilaiti. Watu wa mradi wa uvuvi walikuwa wamekuja kutafuta wenye boti watakaokubali kufungiwa kifaa cha kufuatilia chombo, wenzangu wakatawanyika kama wameona mbwa, mimi nikasema leteni, fungeni. Ni kisanduku kidogo kinakaa juu ya kibanda cha boti, kinakula jua, kinaongea na setilaiti kule juu, setilaiti inaongea na simu yangu, na simu inanionyesha kwenye ramani boti iko wapi, inaenda mwendo gani, na njia yote iliyopita imechorwa mstari. Boti za wenzangu waliokubali baadaye, na ile ya doria ya hifadhi, nazo zilikuwa zinaonekana humo humo. Setilaiti, jamani, hailali, haili rushwa na haina shemeji. Niliipenda kama niliizaa.

Shida ilikuwa simu ni ndogo. Watu walikuwa wanapanga zamu kuichungulia kama wanachungulia mtoto mchanga. Nikaamua (uamuzi mdogo kabisa, wa dakika moja, huku napiga mswaki) kwamba ile televisheni kubwa ya sebuleni kwangu niilete dukani, niitundike barazani, niiunganishe na simu, mtaa mzima uone bahari. Ndiyo hivyo tu. Yote yaliyofuata yalitoka kwenye mswaki ule.

Mke wangu, Mama Zuhura, aliponiona naifungua ukutani aliniuliza swali moja tu.

"Baba Zuhura, sasa jioni tutatazama nini?"

"Tazamaneni," nikamjibu.

(Wanaume wenzangu, nawasihi, jibu hilo msilitumie.)

Nilikuwa nimesahau kwamba pale sebuleni kila jioni walikuwa wanakusanyika wanawake wote wa kikoba chake cha kuweka na kukopa, ambao wengi ni wake wa wafanyabiashara wenzangu wa mtaa huu huu, kutazama tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili, na kwamba mama mkwe tangu amefika alikuwa ameipenda tamthilia ile kuliko anavyonipenda mimi, jambo ambalo si gumu. Aliniona nashuka ngazi na televisheni begani. Alifungua mwavuli wake humo humo ndani, akaufunga.

Mwavuli huo nilimnunulia mimi, mweusi, wa mpini wa mbao, na ndiyo zawadi yangu pekee aliyowahi kuitumia. Uwekeni akilini.

Basi baraza langu likawa ndiyo uwanja. Kuanzia alasiri watu wamejaa, wauza kahawa wamehamia, mzee Kondo, fundi cherehani, alibeba cherehani yake akaja kushonea pale pale asipitwe. Mimi natangaza kama watangazaji wa mpira. Nina fimbo, naonyesha. "Mnamwona huyu? Anaenda mbio, mstari umenyooka, huyu anasafiri, hana habari na samaki. Sasa mtazameni huyu! Mwendo wa kinyonga, anaenda, anarudi, anazunguka palepale. Hapo, wazee, wavu upo majini!" Watu wanapiga makofi. Nikawaonyesha na mstari wa hifadhi, kule kwenye visiwa ambako kuvua ni marufuku, nikawafundisha kwamba chombo kikiingia mle ndani kikaanza mwendo wa kinyonga, huyo ni mwizi wa samaki, hana cha kujitetea. Baada ya wiki moja hata muuza kashata alikuwa anasoma bahari kuliko baadhi ya manahodha.

Na siku moja nani akaonekana anazunguka ndani ya mstari? Boti ya Hemedi. Jamani, nilifurahi mpaka nikanunulia watu kahawa. Hemedi akavuka barabara anahema.

"Bosi Nyavu, mashine ilizimika, maji ndiyo yanaizungusha!"

"Mashine ikizimika chombo huburutwa upande mmoja, hakichezi kidumbwedumbwe," nikamwambia kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni, nikatoa simu, nikapiga namba ya watu wa doria hapo hapo, kipaza sauti nimefungulia. Wakaenda. Kumbe kweli mashine ilikuwa imekufa, wakamkokota nahodha wake mpaka pwani, na wala hawakukuta hata dagaa mmoja. Mimi kuomba radhi? Nilisema, "Leo umebahatika." Hemedi akanitazama kama mtu anayeweka akiba.

Tuje siku yenyewe. Ilikuwa Alhamisi, uchaguzi ni Jumamosi. Asubuhi Mama Zuhura ameniaga vizuri, kavaa dera jipya, kaniambia anampeleka mama Magomeni kwenye arobaini ya shangazi wa mwenzake mmoja wa kikoba. Nikasema nendeni, nisalimieni wafiwa. Na boti yangu siku hiyo ilikuwa inapumzika, nahodha wangu, Mfaume, alishaniambia jana yake kwamba mashine inabadilishwa oili, haitoki.

Alasiri watu wamejaa kuliko kawaida, maana nilikuwa nimetangaza kwamba nitasema maneno machache ya uchaguzi. Nimevaa kanzu ya pasi kali. Nimesimama mbele ya televisheni, mgongo kwa ramani, uso kwa wapiga kura, nawaambia chini ya uongozi wangu mtaa huu utanuka uaminifu, hakuna boti yetu itakayochafua jina letu, nikaona watu hawanitazami tena mimi. Wanatazama nyuma yangu.

"Bosi," akasema mzee Kondo, sindano mdomoni, "ile si yako?"

Nikageuka. Radhi ya Mkwe, iliyotakiwa iwe nangani inabadilishwa oili, ilikuwa mbele ya kisiwa cha Mbudya, ndani ya mstari wa hifadhi. Inaenda kidogo, inarudi. Inazunguka. Inasimama. Inazunguka tena palepale. Mwendo wa kinyonga.

Halafu muuza kashata, mwanafunzi wangu mwenyewe, akasema taratibu, "Hapo, wazee, wavu upo majini."

Nikampigia Mfaume. Inaita, hapokei. Nikapiga tena. Inaita. Jasho limeanza kushuka ndani ya kanzu, nasikia linapita kila mfupa wa mgongo. Nikasema labda kifaa kimekosea.

"Setilaiti haina shemeji!" akapiga kelele mtu wa nyuma.

"Labda mashine imezimika."

Nilijua kabla sijamaliza kwamba nimejichimbia. Hemedi alikuwa ameshavuka barabara, yupo mbele kabisa, mikono nyuma kama mkaguzi. "Bosi Nyavu, mashine ikizimika chombo huburutwa upande mmoja, hakichezi kidumbwedumbwe," akasema, kwa sauti yangu, kwa lafudhi yangu ya Lindi, mpaka kikohozi changu alikiweka. Kisha akanyoosha kidole kwenye mfuko wangu. "Piga. Ile namba uliyopiga kunishtaki mimi."

"Piga! Piga! Piga!" baraza zima, na wanagonga viti.

Nifanye nini? Nikipiga, boti itakamatwa. Nisipopiga, uenyekiti umekwenda, na Jumamosi mama mkwe atakaa kiti cha mbele kumtazama Hemedi. Nikafikiri kama mfanyabiashara: boti inakombolewa, sifa haikombolewi. Tena nikawaza, mtu anayejishtaki mwenyewe, si ndiyo kiongozi? Damu ikachemka, nikapanda juu ya kiti, nikafungulia kipaza sauti, na nikasema maneno ambayo leo watoto wa mtaa wananisomea nikipita:

"Mimi kwenye sheria sina ndugu, sina rafiki, sina mkwe!"

Makofi! Vigelegele! Mzee Kondo alisimama. Hata Hemedi nilimwona ametikisika. Nikapiga doria, nikajitaja jina, nikasema, "Mwananchi mwema nataarifu kwamba boti yangu mwenyewe inavua hifadhini, naomba mkaikamate, na msimwonee mtu huruma, hata kama ni nani." Yule kijana wa doria akasema wako jirani tu, wanaenda, mzee usikate simu.

Sikukata. Laiti ningekata.

Tukakaa tunatazama vidoti, kimoja changu, kingine cha doria kinakuja mstari umenyooka, na watu wanashangilia kama fainali, mimi nimesharudi kwenye ubora wangu, natangaza, "Huyooo, amemkaribia, anamzunguka, amemfungia njia!" Vidoti vikagusana. Kwenye simu tukasikia maji, halafu mashine, halafu, jamani, tukasikia taarabu. Taarabu ya spika kubwa, baharini. Halafu ikazimwa.

"Mzee, chombo tumekikuta," akasema kijana wa doria. "Ila samaki hamna."

"Wametupa majini hao! Tafuteni wavu!"

"Wavu hamna, mzee. Kuna sufuria za pilau."

Baraza likaanza kucheka kwa mbali.

"Kuna wamama," akaendelea, "wengi tu, wamevaa sare. Chombo hakina leseni ya kubeba abiria wala majaketi ya kuokolea, kwa hiyo boti tutaishikilia. Na kuna bibi mmoja hataki kuondoka hapa mpaka apate mwavuli wake uliochukuliwa na upepo, ndiyo maana nahodha alikuwa anazunguka zunguka kuutafuta."

Bado nilikuwa juu ya kiti. Kushuka sikuweza, na kukaa sikuweza.

"Mwavuli gani?" nikauliza, sijui kwa nini niliuliza, nilijua.

"Mweusi, mpini wa mbao. Bibi anasema anataka kuongea na aliyepiga simu."

Na kabla hajampa, nyuma kwenye kelele za wanawake ikasikika sauti nene, ya kukwaruza, inayogombana na mtu juu ya sinia la kachumbari. Mzee Kondo akaitoa sindano mdomoni. "Hiyo si sauti ya Mama Rama?" akasema. "Mama Rama wangu yuko arobaini Magomeni."

"Wangu pia yuko Magomeni," akasema muuza kamba.

"Magomeni kwa nani?"

"Kwa shangazi wa... kwa shangazi."

Nikaona wanaume wanatazamana, mmoja baada ya mwingine, wote wake zao wako Magomeni kwa shangazi yule yule, na hakuna hata mmoja aliyemjua marehemu. Kumbe ndiyo hivyo: nilipowanyang'anya televisheni, wanawake walikaa sebuleni wakatazamana kama nilivyowaagiza, wakachoka kutazamana, mke wangu akasema basi kama yeye kahamishia bahari dukani, sisi tutaifuata yenyewe. Mfaume aliambiwa asipokee simu ya mtu. Angekataaje, mwenye boti ni mke wa mwenye boti.

Simu ikachukuliwa. Akapumua kwanza. Mama mkwe hupumua kabla ya kusema, ili ujiandae.

"Mkwe."

"Shikamoo mama." Kutoka juu ya kiti, kwenye kipaza sauti, mbele ya mtaa.

Hakusema marahaba.

"Nimesikia huku wanasema mwenye boti ameagiza asionewe mtu huruma, hata kama ni nani. Ni wewe uliyesema?"

"Mama, sikujua kama..."

"Ni wewe, siyo wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Haya. Mwalimu hakuwahi kunipeleka baharini," akasema, "lakini hakuwahi kunikamatisha pia." Simu ikakatika.

Sitawaeleza kicheko kilivyokuwa. Muuza kahawa alikaa chini akaacha birika linamwagika. Kiti nilichosimamia nikaona afadhali nikishuke kwa heshima, nikakanyaga upindo wa kanzu, nikaenda na lile bango langu la uchaguzi nililolitundika barazani mpaka chini, na kwenye bango imeandikwa MCHAGUE MTU ANAYEONA MBALI.

Magharibi hiyo hiyo walirudi. Nilidhani watapita uchochoroni kwa aibu (ningekuwa mimi ningepita uchochoroni), lakini wapi, walikuja katikati ya mtaa, madera ya sare yameloa mpaka magotini, sufuria vichwani, wanaimba, na mbele yao Bi Somoe na mwavuli wake, maana kumbe vijana wa doria waliutafuta naye mpaka ukapatikana. Wanaume wote waliokuwa wanajiandaa kugomba wakajikuta wanapokea sufuria. Mzee Kondo alipewa spika aibebe, akaibeba.

Mama mkwe akapanda baraza langu. Akatazama ramani, akatazama kidoti cha Radhi ya Mkwe kimelala kwenye gati ya doria. Akanyoosha ncha ya mwavuli, maji yanachuruzika, akagusa kioo.

"Ndiyo hiki kilichoninyima tamthilia?"

"Ndiyo, mama."

Akakaa kwenye kiti changu, kile kile. "Weka."

Nikaitoa bahari, nikaweka tamthilia. Na jamani, mtaa mzima ulikaa ukatazama, wauza nyavu, wauza mashine, muuza kashata, mpaka Hemedi anauliza, "Sasa huyu mama wa kambo anajua kama mtoto amebadilishwa?" na mama mkwe anamweleza vizuri, kwa upole ambao mimi sijawahi kuuona tangu nimeoa.

Jumamosi Hemedi akapita. Sitaki kutaja kura, ila zangu ningeweza kuzishika mkononi na bado nikabeba kikombe cha kahawa. Boti niliikomboa baada ya kuhudhuria semina ya usalama wa abiria, nikakaa dawati la mbele, kwa mara ya kwanza tangu darasa la nne. Bi Somoe alirudi Lindi, na kabla hajapanda basi alinipa mkono, akaniambia herufi za boti nizinyooshe.

Televisheni iko sebuleni, na haitatoka tena humo labda nyumba iungue. Nimeapa sitachungulia tena njia za watu. Kifaa bado kipo juu ya boti, kinafanya kazi yake, lakini kwenye simu naitazama Radhi ya Mkwe peke yangu, kimyakimya, chooni.

Ila Mama Zuhura hajaapa chochote. Aliichukua simu yangu akabonyeza bonyeza, na sasa popote niendapo mimi ndiyo kidoti. Juzi nimetoka dukani nikasimama kidogo tu kwa yule mama wa mishikaki, nikanunua mmoja, nikasogea, nikarudi kuongeza wa pili, simu ikalia.

"Baba Zuhura," akasema, na nyuma yake nasikia kikoba kizima kimeshika vicheko, "unaenda, unarudi, unazunguka palepale. Una wavu majini hapo?"